Zimamoto, Msalaba Mwekundu, usukani au mitungi: mlango upi kwa aliyetoka gereza la Isanga?

Duka langu la steshenari lipo hatua chache kutoka soko la Sabasaba, Dodoma mjini. Watu huja kuskani vyeti na kujaziwa maombi ya kazi mtandaoni, na kwa miaka niliyokaa nyuma ya mashine ile nimejifunza kumsoma mteja kwa bahasha yake. Bahasha mpya ya kaki ni ya aliyehitimu juzi. Mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne, ndani yake cheti cha kidato cha nne kilichoingia maji, ni wa mtu aliyekuwa mbali, vitu vyake vikatunzwa na bibi chini ya kitanda.

Mmoja wa hao aliniwekea mezani tangazo la ajira la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. "Kaka, nijazie hii. Nimekula mvua nne Isanga, moto wa huku nje hauwezi kunitisha." Nikasoma masharti kwa sauti, nikafika kwenye mstari wa kumbukumbu za uhalifu, nikakohoa. Yeye alikuwa ameshausoma kabla hajaja. Alitaka kuona kama na mimi nitauruka.

Tangu hapo wamekuja wengine, wanaume kwa wanawake, wengine wamesindikizwa na mama zao. Hamu yao ni moja: kazi ya uokoaji, ya huduma ya kwanza, ya gari la wagonjwa. Naielewa. Mtu aliyehesabiwa asubuhi na jioni kwa miaka anatamani siku moja apigiwe simu kwa sababu anahitajika.

Kwa Dodoma, Singida na wilaya za jirani, njia ninazoona watu wakizifikiria ni nne: kujiunga na Zimamoto, kupitia Msalaba Mwekundu, kushika usukani wa dharura, au kazi ya usalama wa moto kwenye majengo na viwanda, ile ambayo wateja wangu wanaiita "kazi ya mitungi". Uuguzi na utabibu nimeviweka kando. Vinadai ufaulu wa Biolojia, Kemia na Fizikia kidato cha nne na miaka mitatu ya diploma, na mwenye sifa hizo ana mjadala wake.

Kila njia nimeipima kwa maswali yale yale. Mlangoni: nani atakuuliza rekodi yako, na atauliza lini? Muda na gharama: utakaa darasani kiasi gani, kwa fedha ya nani? Unachotoka nacho: ukimaliza, mikono yako inajua nini? Mfukoni: unalipwa vipi? Mwisho, anayefaa.

Swali la mlangoni ndilo linalobeba mengine. Wengi huanza kwa kuuliza kazi ipi inavutia, wanamaliza mafunzo, halafu wanakwama siku ya alama za vidole.

Kabla ya yote, karatasi yako inasemaje?

Kukaa gerezani na kuhukumiwa ni mambo mawili. Mahabusu aliyekaa miezi kumi na minane, kesi yake ikaondolewa mahakamani au akaachiwa huru, hajahukumiwa kwa lolote, hata kama mtaa mzima ulimwona akipandishwa karandinga. Huyo aende mahakamani aombe nakala ya uamuzi, aitunze kama anavyotunza kitambulisho cha NIDA. Nimeona vijana wa namna hii wakijinyima nafasi kwa kujiita "mfungwa wa zamani" wakati hawajawahi kuwa mfungwa.

Kinyume chake kipo pia. Aliyepewa kifungo cha nje chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 alilala kwake kila siku, lakini amehukumiwa. Na aliyetoka kwa msamaha wa Rais wa Desemba 9 au Aprili 26 amepunguziwa kifungo. Hatia iko palepale. Kinachofuta hatia ni rufaa iliyoshinda.

Halafu kuna aina ya kosa. Tunapenda kusema "rekodi" kana kwamba ni kitu kimoja. Mwajiri wa dereva atashtuka zaidi na kosa la kuendesha gari kwa uzembe kuliko ugomvi wa kilabuni. Mwenye kampuni inayoingia kwenye ofisi za watu atashtuka na wizi. Kosa lako likitazamwa vizuri linaweza kufunga njia moja na kuacha wazi tatu.

Njia ya kwanza: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji

*Mlangoni.* Ni jeshi kamili, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na linafanya kazi kwa sheria yake ya mwaka 2007. Matangazo yake hutaka mwombaji asiye na kumbukumbu za uhalifu, na alama za vidole huchukuliwa. Umri nao ni kikwazo: kwa wenye cheti cha kidato cha nne mara nyingi ni kati ya miaka 18 na 25. Aliyeingia ndani na miaka 22 akatoka na 27 amefungiwa mara mbili.

*Muda na gharama.* Mafunzo yanagharimiwa na serikali. Chuo cha Jeshi kipo Chogo, Handeni, mkoani Tanga.

*Unachotoka nacho.* Hapa hakuna ubishi, ndiyo njia yenye mafunzo mapana kuliko zote: kuzima moto, kuokoa watu kwenye maji, kwenye mashimo na vyoo, kukata mabati ya gari lililobana abiria.

*Mfukoni.* Mshahara wa serikali, bima, mafao ya uzeeni.

Wapo wanaoniambia wameona video za wafungwa wa California wakizima moto wa misitu. Ni kweli. Jimbo hilo la Marekani limetumia kambi za wafungwa kwa kazi hiyo tangu miaka ya 1940, na mwaka 2018 lilianzisha kituo cha Ventura, mjini Camarillo, ambako waliotoka kwenye kambi hizo na wapo kwenye parole, yaani nje chini ya uangalizi, hufundishwa kwa miezi 18. Lakini hata huko mtu alizima moto akiwa na sare ya mfungwa, akatoka, akakuta rekodi inamzuia kupata cheti cha huduma ya dharura ambacho vikosi vingi vya zimamoto vinakidai. Mafunzo yakawa kutwanga maji kwenye kinu. Ndiyo maana mwaka 2020 walitunga sheria, AB 2147, inayomruhusu aliyetumikia kambi hizo kuomba mahakama ifute hatia yake, isipokuwa kwa makosa fulani mazito. Walianza na mafunzo, wakaja kugundua kwamba kufuli lipo kwenye karatasi.

*Anayefaa.* Aliyekuwa mahabusu tu, bado yuko ndani ya umri, ana cheti cha kidato cha nne na nakala ya uamuzi wa mahakama. Aliyehukumiwa namshauri asitumie nauli yake hapa. Na asidanganye kwenye fomu. Kutoa taarifa za uongo kwa mtumishi wa umma ni kosa jingine, na safari hii atakuwa ameliandika kwa mkono wake.

Njia ya pili: Msalaba Mwekundu

*Mlangoni.* Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, na kina matawi mikoani. Unaanzia tawini: unajitambulisha, unajiandikisha, unaanza kuhudhuria. Watu watakutazama kwa miezi kabla ya kukupa dhamana yoyote, na kwa aliyetoka ndani hilo ni jambo jema, maana anapimwa kwa anavyofika na anavyofanya kazi. Ushauri wangu ni kumwambia kiongozi wa tawi mapema, ana kwa ana, kabla hajaambiwa na jirani yako. Barua ya mtendaji wa mtaa husaidia.

*Muda na gharama.* Mafunzo ya msingi ya huduma ya kwanza ni ya siku chache. Tawi linaweza kukudai ada ya uanachama au ya cheti, kwa hiyo uliza kabla hujakaa.

*Unachotoka nacho.* Utajua kukandamiza jeraha mpaka damu isimame, kumlaza upande aliyepoteza fahamu, kusukuma kifua mara thelathini kwa pumzi mbili. Utajua pia usichopaswa kufanya, na kwa barabara zetu hilo ni nusu ya elimu. Malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanapita hapa kuelekea Singida usiku na mchana. Ajali ikitokea, tunawavuta majeruhi kwa mikono na miguu kama magunia ya mtama, tunawarundika kwenye pikapu, na aliyekuwa na shingo iliyovunjika anafika hospitali ya mkoa akiwa amepooza.

Wenye umri wangu hapa Dodoma hawajasahau Igandu, Juni 24, 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma kwenye mteremko ikagonga ya mizigo, wakafa watu 281. Na vijana wa leo wanaikumbuka Katesh, Desemba 3, 2023, tope la mlima Hanang lilipoingia mjini na kuua zaidi ya watu 80. Singida na Katesh ni jirani. Kwenye kazi ya Katesh watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walikuwepo.

*Mfukoni.* Hapa niseme bila kupaka mafuta. Kujitolea ni moja ya misingi saba ya harakati yenyewe. Utapata posho kukiwa na mradi au dharura, na utapata miezi mitupu. Nimemwona dada mmoja akiacha kibanda chake cha mama lishe ili ahudhurie kila kikao cha tawi. Baada ya muda kibanda kilikuwa na mtu mwingine.

*Anayefaa.* Mwenye mahali pa kulala na chochote cha kumpa ugali, anayehitaji zaidi ya yote watu wapya wa kumtolea ushahidi. Ukitaka mdhamini baada ya mwaka mmoja, kiongozi wa tawi aliyekuona ukifunga bandeji kwenye mvua ana uzito kuliko mjomba.

Njia ya tatu: usukani wa dharura

Hii ndiyo wengi hawaijui, na ndiyo naipa muda mwingi nikiwa na mteja.

Dereva wa gari la wagonjwa la serikali ni mtumishi wa umma. Matangazo ya nafasi hiyo hutaka cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja C au E iliyotumika angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Kuna uhakiki kabla ya ajira. Lakini pembeni yake upo mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa hapa Dodoma Aprili 2022. Mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42 au mtoto mchanga wa chini ya siku 28 akipata dharura, inapigwa namba 115 bila malipo. Kituo kinatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Lisipokuwepo, anaitwa dereva wa jamii: mtu wa kawaida mwenye gari la kawaida, aliyeandikishwa, anayelipwa kwa safari kupitia simu.

*Mlangoni.* Kwa leseni, utapitia chuo cha udereva, mtihani wa polisi wa usalama barabarani, kisha TRA. Kwa m-mama ni halmashauri inayokuandikisha, na watu wa mtaa na kijiji ndio wanaokufahamu. Fikiria mambo yalivyo: saa nane usiku unambeba mke wa mtu, Chamwino ndani huko, anavuja damu. Kama kosa lako lilihusu wanawake au watoto, njia hii iache, na usingoje kuambiwa. Kama lilihusu kuku, ng'ombe au ugomvi wa mpaka wa shamba, zungumza na mwenyekiti.

*Muda na gharama.* Kozi ya udereva ni ya wiki kadhaa, na unalipa mwenyewe. Daraja D la gari binafsi halitoshi kubeba abiria kwa malipo. Utahitaji daraja la kundi la C. Gharama nzito ni gari. Asiye nalo huendesha la mtu kwa hesabu ya siku, au hujiunga na kikundi cha vijana kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa vijana. Mkopo wa kikundi una maneno yake. Chagua wenzako vizuri.

*Unachotoka nacho.* Ujuzi unaolisha hata siku isiyo na dharura, na hiyo ndiyo nguvu yake. Udhaifu wake ni kwamba shule ya udereva haifundishi huduma ya kwanza ya kutosha. Dereva anayejua kumlaza mama upande wa kushoto na kumfunika asipate baridi ana thamani tofauti na anayejua kukanyaga mafuta tu.

*Mfukoni.* Safari za dharura peke yake hazijazi sufuria. Wanaoendelea na kazi hii wanabeba abiria, mahindi na alizeti mchana, na simu ya usiku ni nyongeza.

*Anayefaa.* Aliyekuwa dereva kabla ya kufungwa, au mwenye ndugu anayeweza kumkabidhi gari. Hasa aliye nje ya mji, Kongwa, Bahi, Manyoni, ambako gari la wagonjwa ni moja na barabara ni ndefu. Asiye na gari wala wa kumpa gari atachoka mapema.

Njia ya nne: kazi ya mitungi

*Mlangoni.* Mwajiri ni mtu binafsi: kampuni inayouza na kujaza mitungi ya kuzimia moto, kiwanda, hoteli, mkandarasi. Mwingine atadai hati ya Polisi inayoonyesha kama una rekodi, mwingine atakuuliza tu ulikuwa wapi miaka minne hii. Jibu fupi lenye ukweli likae tayari mdomoni.

*Muda na gharama.* Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inazibana sehemu za kazi kuhusu huduma ya kwanza na tahadhari ya moto, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, hufundisha huduma ya kwanza ya kazini kwa kozi fupi ya kulipia. Juu yake weka fundi: umeme au uchomeleaji VETA. Ada ya kozi ndefu kwenye vyuo vya VETA kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, mbali na vifaa. Aliyejifunza kuchomelea akiwa ndani asianze upya. Aulizie VETA utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, apimwe, apewe cheti kinacholingana na mikono yake.

*Unachotoka nacho.* Watu huidharau kazi hii mpaka waifanye. Mtungi wa unga mkavu una geji, lakini mshale ukiwa kwenye kijani bado unga unaweza kuwa umeganda chini. Wa kaboni dayoksidi hauna geji kabisa. Unapimwa kwa mizani. Wa maji ukiupeleka kwenye moto wa umeme umeua mtu. Nimewahi kuingia gesti moja, mtungi wa korido umetundikiwa taulo, pini imetiwa kutu mpaka haichomoki. Fundi anayepita kila mwaka kukagua vitu hivyo ameokoa watu ambao hawatamjua.

*Mfukoni.* Ujira wa kila siku au wa mwezi, kulingana na kampuni, na soko linakua. Tangu treni ya SGR ianze kuleta abiria hadi hapa Julai 25, 2024, huku Mtumba ikijazwa majengo ya wizara, hoteli na gesti hazihesabiki, na kila moja inahitaji mitungi.

*Anayefaa.* Mwenye mkono wa fundi, anayependa utaratibu kuliko king'ora. Mwenye kosa la wizi asikate tamaa, ila aanzie karakana, kwenye kujaza na kupima, si kwenye kutembelea ofisi.

Ukiwa kwenye hali hii, anzia hapa

Umetoka wiki hii, huna kitambulisho: kabla ya chuo chochote, serikali ya mtaa na NIDA. Hati yako ya kuachiwa usiichane kwa hasira; itaonyesha kwamba kifungo kimekwisha.

Ulikuwa mahabusu na una miaka chini ya 25: jaribu Zimamoto kwanza, huku ukisoma huduma ya kwanza ili tangazo lisipotoka usikae bure.

Umehukumiwa, una watoto wanaosubiri kula: fundi na mitungi, au usukani kama gari lipo. Msalaba Mwekundu uende Jumamosi.

Umehukumiwa, familia inakubeba lakini mtaa unakukwepa: geuza mpangilio huo, tawi kwanza.

Wewe ni mwanamke: njia zote nne zina wanawake, na kwenye simu za m-mama dereva wa kike hupokewa kwa nafuu kubwa na wakwe wenye wasiwasi.

Uko kijijini, mbali na Dodoma mjini: usukani una maana kuliko mitungi, kwa sababu kijiji hakina korido za kukagua bali kina wajawazito.

Yule wa mvua nne alikaa kwenye benchi langu mpaka nikafunga duka. Alikuwa amejifunza kuchomelea Isanga, jambo ambalo hakulitaja hata mara moja mpaka nilipomuuliza alama za moto mkononi zilitoka wapi. Nikageuza tangazo lake, nikamwandikia nyuma yake: VETA, ulizia kutambuliwa ujuzi, chukua picha mbili. Akaniuliza bei ya kuskani. Nikamwambia alete kwanza hicho cheti kipya, tutaskani vyote pamoja.